Ujazo wa gesi na idadi ya molekuli: mwongozo kamili wa kupima na kukokotoa, uwe pwani au nyanda za juu

Ukijua ujazo wa gesi, shinikizo lake na halijoto yake, unaweza kusema mna molekuli ngapi ndani hata kabla hujajua ni gesi gani. Haidrojeni, oksijeni, kabonidayoksaidi, gesi ya kupikia: lita moja ya kila mojawapo, katika halijoto moja na shinikizo moja, ina idadi ile ile ya molekuli. Amedeo Avogadro wa Turin, Italia, aliandika hivyo mwaka 1811, na hadi leo hesabu karibu zote za gesi katika kemia zinasimama juu ya neno lake.

Tatizo huwa kwenye maneno "katika halijoto moja na shinikizo moja". Vitabu vya shule humpa mwanafunzi namba mbili za kukariri: moli moja ya gesi (fungu la molekuli 6.022 × 10²³) huchukua lita 22.4 katika hali sanifu, yaani nyuzi 0, na lita 24 katika halijoto ya chumba. Namba zote mbili ni za usawa wa bahari. Mwanafunzi wa Nairobi, Kigali au Mbeya anayefanya jaribio kwa uangalifu wote hupata lita 29 au 30, akaambiwa amekosea, au mbaya zaidi, akazibadilisha namba zake zifanane na kitabu. Hajakosea. Chumba chake kiko mita 1,600 juu ya bahari, na gesi ya huko imetanuka kwa sababu hewa inayoikandamiza ni pungufu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kupata namba sahihi ya mahali ulipo, jinsi ya kuithibitisha kwa jaribio la magnesiamu na asidi, na mambo yanayoliharibu.

Kwa nini aina ya gesi haijalishi

Katika hali sanifu, kila molekuli ya gesi ina nafasi yake ya wastani yenye upana wa nanomita 3.3 hivi kila upande. Molekuli yenyewe ina kipenyo cha nanomita 0.3 au 0.4. Ukikokotoa ujazo badala ya urefu, utaona kuwa molekuli zimejaza sehemu moja tu kati ya elfu ya chombo. Kinachobaki ni utupu. Ndiyo maana ukubwa wa molekuli hauathiri ujazo. Kinachoushikilia ujazo ni idadi ya molekuli zinazogonga kuta na kasi yake, na katika halijoto moja molekuli nyepesi hukimbia zaidi na nzito hukimbia polepole kwa kiasi kinachofanya nguvu ya mgongano ilingane.

Kila kitu kinakusanywa katika mlinganyo mmoja:

P × V = n × R × T

P ni shinikizo kwa kilopaskali, V ni ujazo kwa lita, n ni moli, T ni halijoto kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ongeza 273.15), na R ni 8.314. Ukitumia kilopaskali pamoja na lita, R hiyo hiyo inafaa bila kubadilisha chochote. Kutoka moli kwenda molekuli, zidisha kwa 6.022 × 10²³. Namba hii tangu Mei 2019 haipimwi tena: imewekwa kwa makubaliano ya kimataifa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, na moli inafasiriwa kwayo.

Jambo moja la kuangalia unaposoma vitabu tofauti. "Hali sanifu" ya zamani ni nyuzi 0 na kilopaskali 101.325, inayotoa lita 22.41. Mwaka 1982 muungano wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ulihamia kilopaskali 100, na hapo jibu ni lita 22.71. Mitihani ya shule bado hutumia ile ya kwanza. Hakikisha unajua swali linataka ipi.

Hatua ya kwanza: pata shinikizo la mahali ulipo

Usianze jaribio lolote la gesi bila namba hii. Kuna njia nne, nazo hazilingani kwa ubora.

Barometa ya maabara ndiyo bora. Ya pili ni simu: baadhi ya simu zina kihisi cha shinikizo, na programu ya kukisoma hutoa jibu kwa hektopaskali. Gawa kwa 10 upate kilopaskali. Chagua "shinikizo la kihisi" na siyo "shinikizo la usawa wa bahari", maana programu nyingi huonyesha la pili.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Utabiri wa hali ya hewa na taarifa za viwanja vya ndege hutoa shinikizo lililokwisha rekebishwa liwe kama la usawa wa bahari, ili wataalamu waweze kulinganisha miji. Ukiona Nairobi imeandikiwa hektopaskali 1,020, haimaanishi hewa ya Nairobi inakandamiza kwa kilopaskali 102. Shinikizo halisi ni karibu kilopaskali 83.5. Ukiitumia namba ya utabiri moja kwa moja utakosea kwa zaidi ya asilimia 20.

Njia ya tatu, basi, ni kuchukua namba hiyo ya utabiri na kuirudisha kwenye mwinuko wako: toa kilopaskali 1.1 kwa kila mita 100 za mwinuko. Kanuni hii inatosha hadi mita 2,000 na kidogo.

Njia ya nne haihitaji chombo cha bei. Chemsha maji safi hadi yatokote sawasawa, tumbukiza kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria, usome. Maji hutokota pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na la hewa: nyuzi 98 ni kilopaskali 94.3, nyuzi 97 ni 90.9, nyuzi 96 ni 87.7, nyuzi 95 ni 84.5, na nyuzi 94 ni 81.5. Nusu digrii ya makosa inakupotezea asilimia 2, kwa hiyo kwanza jaribu kipimajoto chako kwenye barafu inayoyeyuka uone kama kinasoma sifuri.

Ukishapata P na T, ujazo wa moli moja ni R × T ÷ P. Hizi ni namba za takriban za miji kadhaa, kwa halijoto ya kawaida ya chumba:

Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 30, kilopaskali 101: lita 25.0.
Dodoma, nyuzi 26, kilopaskali 88.6: lita 28.1.
Kampala, nyuzi 24, kilopaskali 88: lita 28.1.
Kigali, nyuzi 22, kilopaskali 84: lita 29.2.
Nairobi, nyuzi 20, kilopaskali 83.5: lita 29.2.
Eldoret, nyuzi 18, kilopaskali 78.7: lita 30.8.

Angalia kuwa hata pwani hakuna lita 24 kamili. Namba hiyo ni ya chumba chenye nyuzi 20, na vyumba vya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto zaidi ya hapo. Katika mtihani andika 24 kama ulivyoelekezwa. Katika maabara tumia yako.

Jaribio: magnesiamu ndani ya bureti

Magnesiamu huyeyuka ndani ya asidi ya haidrokloriki na kutoa haidrojeni: Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂. Atomi moja ya magnesiamu hutoa molekuli moja ya haidrojeni. Kwa hiyo ukipima uzito wa magnesiamu umeshahesabu molekuli za gesi zitakazotoka, na kazi inayobaki ni kupima zinachukua nafasi kiasi gani. Gramu 24.305 za magnesiamu ni moli moja.

Utahitaji bureti ya mililita 50 (mrija mrefu wa kioo wenye alama za mililita na bomba la kufungulia mwishoni), stendi na klampu ya kuishikilia, bika (chombo cha kioo chenye mdomo mpana) la mililita 250 au kubwa zaidi, mililita 10 za asidi ya haidrokloriki ya moli 2 kwa lita, utepe wa magnesiamu, waya mwembamba wa shaba, msasa laini, rula, kipimajoto, na miwani ya usalama. Haidrojeni hushika moto kirahisi, hivyo kusiwe na mwali wowote karibu.

Anza na ujazo usio na alama. Kati ya mstari wa 50 na bomba la bureti kuna sehemu isiyopimwa, na bureti ikigeuzwa gesi yote huanzia hapo. Funga bomba la bureti kavu, kisha tia maji kwa pipeti yenye alama mpaka yafike mstari wa 50. Kiasi ulichotia ndicho ujazo huo. Kila bureti ina wake. Uandike kwa kalamu ya kudumu kwenye kioo, utautumia miaka yote.

Kisha andaa utepe. Mizani nyingi za shule husoma hadi gramu 0.01, na kipande utakachotumia kina gramu 0.03 tu. Ukikipima moja kwa moja kosa linaweza kufika asilimia 15, na jaribio zima limeshapotea kabla halijaanza. Pima utepe mrefu badala yake. Sugua mita moja nzima kwa msasa mpaka ing'ae, ipime uzito, halafu ugawe kwa sentimita. Ikiwa sentimita 100 zina gramu 0.97, basi sentimita 3.5 zina gramu 0.0340. Kusugua si urembo: ule utando wa kijivu ni oksidi ya magnesiamu, ambayo huyeyuka kwenye asidi bila kutoa gesi hata kidogo, lakini uzito wake unahesabiwa.

Urefu wa utepe utegemee mahali ulipo. Gesi haipaswi kuzidi mstari wa sifuri wa bureti, la sivyo inatoka nje na huwezi kuipima tena. Kwa utepe wenye uzito uliotajwa hapo juu, sentimita 3.5 zinafaa nyanda za juu. Pwani unaweza kwenda hadi 4.

Kunja utepe uwe kifurushi kidogo na uuzungushie waya wa shaba kama kizimba, ukiacha mkia wa waya wa sentimita 5 au zaidi. Shaba haiathiriki na asidi hii. Kizimba kiwe cha kubana vya kutosha kuzuia vipande vidogo visitoroke, lakini asidi iweze kupita.

Sasa endelea bila kukatiza:

1. Funga bomba la bureti na umimine asidi mililita 10 ndani yake.
2. Ongeza maji polepole, yakiteremka kwenye ukuta wa kioo, mpaka ukingoni kabisa. Asidi ni nzito kuliko maji, hivyo itakaa chini na hutaki ichanganyike mapema.
3. Ingiza kizimba sentimita 3 au 4 ndani ya mdomo wa bureti, mkia wa waya ukiukunja nje ya ukingo.
4. Ziba mdomo kwa kidole chenye glavu, au kwa kizibo cha mpira chenye tundu. Kusibaki kiputo cha hewa.
5. Geuza bureti, izamishe mdomo ndani ya bika lenye maji, kisha ondoa kidole. Ibane kwenye klampu, mdomo ukiwa juu kidogo ya kitako cha bika.
6. Asidi itateremka kupitia maji na baada ya muda mfupi magnesiamu itaanza kutoa viputo. Usiiguse.
7. Viputo vikikoma, gonga bureti taratibu ili vilivyonata kwenye ukuta na waya viweze kupanda juu. Subiri dakika 5 au zaidi, kwa sababu mmenyuko huu hutoa joto na gesi yenye joto hujifanya nyingi.
8. Soma alama iliyopo kwenye usawa wa maji, upime halijoto ya maji ya bika, na kwa rula upime urefu kutoka uso wa maji ya bika hadi uso wa maji ndani ya bureti.

Ikiwa una silinda ndefu ya kupimia, unaweza kuizamisha bureti mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Hapo huhitaji kipimo cha rula, na ndiyo njia nzuri zaidi.

Hesabu, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa Nairobi. Magnesiamu gramu 0.0340. Alama iliyosomwa ni 12.10. Ujazo usio na alama ni mililita 4.60. Maji yana nyuzi 21. Shinikizo la hewa ni kilopaskali 83.5, na maji ndani ya bureti yamesimama sentimita 12 juu ya yale ya bika.

Ujazo wa gesi: bureti imegeuzwa, kwa hiyo ni 50 − 12.10 + 4.60 = mililita 42.50.

Shinikizo la haidrojeni si shinikizo la hewa. Kwanza, maji yaliyosimama ndani ya bureti yanaonyesha kuwa gesi inakandamiza kidogo kuliko hewa ya nje. Kila sentimita ya maji ni kilopaskali 0.098, hivyo sentimita 12 ni 1.18. Pili, sehemu ya kilichomo ndani ni mvuke wa maji, siyo haidrojeni. Shinikizo la mvuke huo hutegemea halijoto peke yake: nyuzi 18 ni kilopaskali 2.06, nyuzi 20 ni 2.34, nyuzi 21 ni 2.49, nyuzi 22 ni 2.64, nyuzi 25 ni 3.17, nyuzi 28 ni 3.78, nyuzi 30 ni 4.25. Kwa hiyo:

83.5 − 1.18 − 2.49 = kilopaskali 79.83.

Moli kutokana na gesi: 79.83 × 0.04250 ÷ (8.314 × 294.15) = 0.001387.

Moli kutokana na magnesiamu: 0.0340 ÷ 24.305 = 0.001399.

Njia mbili zisizotegemeana, moja ya mizani na moja ya ujazo, zimepishana kwa chini ya asilimia 1. Molekuli za haidrojeni zilizomo ni 0.001387 × 6.022 × 10²³, yaani karibu 8.35 × 10²⁰.

Ukitaka kulinganisha na kitabu, hamisha ujazo hadi hali sanifu: 42.50 × (79.83 ÷ 101.325) × (273.15 ÷ 294.15) = mililita 31.09. Gawa kwa moli 0.001399 upate lita 22.2 kwa moli, dhidi ya 22.4 ya kitabu. Lakini angalia kingetokea nini kama ungegawa mililita 42.50 kwa moli bila marekebisho: lita 30.4. Hapo ndipo wengi husimama na kudhani jaribio limeharibika.

Jibu likikataa

Kwanza jiulize gesi imepungua au imezidi, maana sababu hazifanani.

Ikipungua kwa asilimia 10 hivi, kisababishi cha kwanza ni ujazo usio na alama uliosahauliwa. Katika mfano wetu ni mililita 4.60 kati ya 42.50. Ikipungua kwa asilimia 2 hadi 5, shuku utando wa oksidi, au kipande cha magnesiamu kilichochomoka kwenye kizimba na kunata kwenye kioo juu ya maji, mahali asidi haifiki. Kichunguze kwa macho kabla hujavunja jaribio; ukikiona, tikisa bureti kidogo mpaka kiloane. Viputo vilivyotoka nje ya mdomo vikaelea ndani ya bika navyo ni gesi iliyopotea. Hutokea asidi ikiwa kali mno, au kizimba kikiwa kimekaa karibu sana na ukingo. Asidi ya moli 2 yenye mililita 10 ina moli 0.02, na kipande chetu kinahitaji 0.003 tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza ukali.

Ikizidi, mara nyingi mtu hakutoa mvuke wa maji. Nairobi kosa hilo ni asilimia 3. Dar es Salaam penye joto ni zaidi ya 4, kwa hiyo watu wa pwani wasilipuuze. Sababu ya pili ni kiputo cha hewa kilichoingia wakati wa kugeuza. Ya tatu ni kusoma kabla gesi haijapoa: kila nyuzi 3 zinaongeza asilimia 1.

Jibu likiwa la ajabu kabisa, kubwa mara kumi na nne kwa mfano, umetumia nyuzi 21 badala ya kelvini 294.

Usijaribu njia hii kwa kabonidayoksaidi. Maji ya nyuzi 20 hunywa gesi hiyo kwa karibu ujazo wake yenyewe, na utakachopima ni unywaji wa maji, si idadi ya molekuli. Amonia ni mbaya zaidi.

Bomba la sindano: kupima uzito wa molekuli zenyewe

Jaribio la pili linamjibu anayeuliza, "Nitajuaje kuwa gesi tofauti zina idadi sawa?" Ikiwa ujazo sawa una molekuli sawa, basi uwiano wa uzito wa ujazo huo ndio uwiano wa uzito wa molekuli moja moja. Stanislao Cannizzaro aliieleza njia hii mwaka 1858, na kwenye mkutano wa Karlsruhe wa 1860 wanakemia wa Ulaya walipewa kijitabu chake. Kabla ya hapo hawakuwa wamekubaliana hata kama maji ni HO au H₂O.

Chukua bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, na kifuniko cha mdomo kinachobana. Vuta pistoni hadi mililita 50, toboa mpini wake kwa msumari wa moto pale unapotokea nje ya bomba, ili msumari ukipitishwa uizuie pistoni isirudi. Mizani iwe ya gramu 0.001, kama zile ndogo za masonara.

Sukuma pistoni hadi mwisho, funga mdomo, vuta kwa nguvu hadi 50 na upitishe msumari. Ndani sasa mna karibu utupu. Pima uzito wa vyote kwa pamoja. Acha dakika 5, toa msumari: pistoni ikirudi hadi karibu na sifuri, bomba halivuji. Isiporudi, tafuta bomba jingine.

Halafu jaza hewa hadi 50, funga, weka msumari ule ule, pima. Tofauti ya namba mbili ni uzito wa mililita 50 za hewa: karibu gramu 0.058 Dar es Salaam, 0.050 Nairobi. Ujanja wa njia hii ni kwamba umbo la nje halibadiliki, hivyo nguvu ya hewa inayoliinua bomba hilo inakatana yenyewe kwenye hesabu. Ukipima puto badala yake, hewa ya nje inaliinua na utapata upuuzi.

Kwa kabonidayoksaidi, weka gramu 3 za beking soda kwenye chupa ya nusu lita, mimina siki mililita 50 na usizibe. Usitumie beking pauda, kwa kuwa imechanganywa na wanga na asidi kavu. Povu likitulia, teremsha mrija mwembamba hadi karibu na uso wa siki, vuta gesi, itoe nje, vuta tena. Rudia mara mbili ili hewa ya kwanza iondoke. Mara ya mwisho weka msumari, fungua mdomo sekunde moja shinikizo lisawazike, funga, pima. Usilishike bomba kwa kiganja muda mrefu, litapata joto.

Utarajie gramu 0.088 pwani na 0.075 Nairobi. Namba hizi mbili zinapishana, lakini uzigawanye kila moja kwa ile ya hewa ya mahali pale: zote zinatoa karibu 1.52, ambao ni uwiano wa 44.01 kwa 28.97. Mwinuko unajifuta. Ukipata 1.48 hivi, gesi yako ilikuwa na unyevu wa siki. Ipitishe kwenye mrija wenye chembe za kalsiamu kloraidi.

Gesi ya viberiti, ambayo kwa sehemu kubwa ni butani, itakupa uwiano karibu na 2. Ifanye nje, mbali na moto.

Mtungi wa jikoni

Hesabu hii haiishii maabara. Mtungi wa kilo 6 uliojaa butani una moli 103. Gesi hiyo yote ikitoka, ni karibu lita 2,600 Dar es Salaam na lita 3,000 Nairobi. Molekuli ni zile zile.

Butani huungua hivi: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Kwa kuwa ujazo hufuata idadi ya molekuli, lita moja ya butani hudai lita 6.5 za oksijeni, sawa na lita 31 za hewa. Jiko likiwaka kwenye chumba kilichofungwa, ndivyo hewa inavyoliwa, na pale isipotosha mwali unageuka wa njano na kutoa monoksidi ya kaboni. Joseph Louis Gay-Lussac ndiye aliyeonyesha, mwaka 1808, kuwa gesi huungana kwa ujazo wa uwiano mwepesi kama huu. Avogadro aliitoa kanuni yake akitafuta sababu.

Upande wa hatari ni huu. Butani huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 1.8 ya hewa. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina lita 22,500, kwa hiyo lita 405 zinatosha. Nairobi hizo ni moli 14, yaani gramu 800 hivi. Na hapo tumedhani gesi imesambaa sawasawa. Kwa kweli ina uzito mara mbili ya hewa, hutambaa sakafuni, na usawa wa kifundo cha mguu hufikia kiwango hicho mapema zaidi, kwa gesi kidogo zaidi. Ukinusa gesi, fungua milango ya chini kabisa na usibonyeze swichi yoyote.

Watu wengine hufunga kipima shinikizo kwenye mtungi wakitaka kujua gesi iliyobaki. Kwa mtungi wa oksijeni njia hiyo ni sahihi: ndani mna gesi tupu, ujazo haubadiliki, na mshale ukishuka nusu, molekuli zimebaki nusu hivi. Kwa mtungi wa kupikia haifai. Ndani mna kimiminika, na juu yake mvuke ambao shinikizo lake huamuliwa na halijoto. Ukichota mvuke, kimiminika huchemka na kuurudisha, hivyo mshale hukaa karibu pale pale hadi tone la mwisho. Uweke mtungi kwenye mizani, utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye shingo yake. Gramu zinazobaki gawa kwa 58 kama ni butani tupu, au kwa 44 kama ni propani tupu, upate moli. Ikiwa ni mchanganyiko, jibu liko kati ya hayo mawili.